Kipimo cha Mkono wa Mama

Bangili zote ishirini na nane zilipomalizika, kisahani kilikuwa bado kimejaa shanga.

Konsolata alikitazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kisahani cha udongo chenye ua jekundu katikati, na kwa miaka yote aliyoishi na mama yake katika vyumba vile viwili vya Ng'ambo, mjini Tabora, kazi ilipofika mwisho ua lile lilionekana lote. Mama Pelagia hakuwa mtu wa kubakiza. Kwa bangili saba alinunua kikombe kimoja cha shanga, kile kikombe kidogo cha kahawa ambacho Hafsa alikitumia kupimia dukani kwake, na ushanga wa mwisho ulipopita kwenye sindano, ua lilikuwa linamwangalia. Sasa Konsolata alikuwa amenunua vikombe vinne kwa bangili ishirini na nane, kwa hesabu ileile ya mama, na ua halikuonekana. Shanga za buluu na nyeupe zilikuwa zimelifunika.

"Asante, mayu," alisema kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kinyamwezi kama walivyozoea nyumbani Usoke. "Umeniongezea."

Aliamini hivyo kwa moyo wote. Miezi minane ilikuwa imepita tangu mama azikwe, na katika miezi hiyo alikuwa amejifunza kuokota vitu vidogo na kuvishukuru: jirani aliyefagia uani bila kuombwa, mvua iliyosubiri mpaka watu wakatoka makaburini, ndoto moja ambayo ndani yake mama alikuwa anacheka. Bangili alizokuwa ametunga tangu hapo zilikuwa za moja moja, na masalio yake hayakuonekana; kisahani hiki kilichokataa kuisha alikiweka kwenye fungu hilohilo. Alizimimina shanga zilizobaki kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akainuka kuzipiga picha bangili.

Zamani picha haikuwa na taabu. Saa nne asubuhi, jua lilipoingia dirishani, mama alinyoosha mkono juu ya mkeka na Konsolata akapiga kwa simu. Ukurasa wao mtandaoni uliitwa Shanga za Mama Pelagia, na karibu kila picha ilikuwa na mkono ule: mpana, wenye kifundo kinene kilichojengwa na miaka thelathini ya jembe katika mashamba ya tumbaku, na kovu dogo karibu na kidole gumba. Watu walinunua bangili, lakini walichokipenda kilikuwa mkono. Waliandika kutoka Mwanza, Dodoma, Kigoma. Mama hajambo? Msalimie mama. Mwambie mama Mungu amzidishie miaka. Konsolata, aliyemaliza kidato cha nne na kuandika kwa haraka, alijibu kwa niaba yake. Mama hajambo. Anawasalimu.

Siku ya tatu baada ya mazishi kule Usoke, akiwa ameketi mkekani kati ya wanawake waliokuja kuomboleza, simu iliwaka mapajani mwake. Mteja wa Mwanza aliuliza, Mama hajambo? Vidole viliandika vyenyewe: Hajambo, anakusalimu. Alipokwisha kutuma ndipo alipoona alichokiandika. Alitaka kukifuta, kisha hakukifuta. Palikuwa na mahali pamoja duniani ambapo mama yake alikuwa mzima, na mahali hapo palikuwa katika kiganja chake.

Tangu siku hiyo mama aliendelea kuishi ndani ya simu. Aliwatakia watu Krismasi njema. Aliwapongeza waliojifungua. Kila salamu iliufanya uongo ule uwe mzito zaidi kuutua, na Konsolata alijua kwamba siku atakapoandika ukweli atakuwa anamzika mama mara ya pili, safari hii bila mkeka na bila wanawake wa kumshika mabega. Tena aliogopa. Nani angenunua Shanga za Mama Pelagia ikiwa Mama Pelagia hayupo?

Akazipiga picha bangili juu ya mkeka mtupu, akazifunga kwenye kifurushi.

Alipitia dukani kwa Hafsa kununua uzi. Hafsa alikuwa mwanamke wa mjini hasa. Duka lake la shanga, nyuzi na vifungo, karibu na soko kuu, alilirithi kwa mama yake, aliyelirithi kwa mama yake.

"Umebakiza?" Hafsa alishangaa. "Kiasi gani?"

"Karibu kikombe kizima, dada Hafsa."

"Kikombe kizima! Mama yako alikuwa akibakiza shanga tatu ananirudishia. Anasema nimezidisha makusudi ili nimdai shukrani."

"Mimi nimeona ni baraka."

"Inawezekana. Au kikombe changu kimeota." Hafsa alicheka hata meza ikatikisika. "Bibi yangu alikuwa akisema, zamani za misafara hapa, wapagazi walipewa shanga kwa kete, yaani nyuzi zilizokwisha kutungwa, na kete moja ilipimwa kwa mkono, kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kiwiko. Basi tajiri mwenye mkono mfupi alipima mwenyewe. Mwenye mkono mrefu alitafuta mtu mfupi wa kumpimia. Tabora hii, mdogo wangu, imejengwa na mikono mifupi."

Konsolata alicheka naye. Kisha Hafsa akashusha sauti.

"Wale watu wa mtandaoni, umeshawaambia?"

"Bado."

"Mimi nimelia pale kwenu mpaka kanga ikalowa. Halafu juzi mpwa wangu ananionesha kwenye simu, mama yako anawasalimu watu wa Dodoma. Nywele zilinisimama."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nikimaliza ya kwaya."

Kwaya ilikuwa ya wanawake wa kigango kimoja huko Ulyankulu, kina mama wakulima ambao wazazi wao walitoka Burundi zamani. Tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kwaya ingetimiza miaka ishirini na mitano, nao walitaka kuimba mikono yote ikiwa imevaa buluu na nyeupe. Mwenyekiti wao, Jeska, alipiga simu mwenyewe. Hakutuma vipimo. "Mwambie mama azitunge zote kama ile niliyonunua kwake mwaka juzi," alisema. "Imepita mikono yetu yote, hakuna iliyokataa."

Naye Konsolata alizitunga kama mama alivyotunga. Mama hakutumia futi wala kipande cha kamba. Alitunga mistari mitatu, akasimama, akaizungusha kwenye mkono wake wa kushoto, akaongeza, akazungusha tena, mpaka kitanzi cha uzi kilipokifikia kifungo, kimoja cha vile vifungo vyeupe vya mashati ya shule. "Mkono wangu ndio futi yangu," alikuwa akisema. Konsolata alikaa kwenye kigoda kilekile, akanyoosha mkono uleule wa kushoto, akazungusha, akaongeza, akazungusha. Ishirini na nane.

Kifurushi kiliondoka na basi la Ulyankulu. Siku ya tatu ukaja ujumbe wa sauti.

"Konsolata mwanangu, ni mimi Jeska. Mzigo umefika, Mungu awabariki, rangi zimetulia kabisa. Lakini hazituingii. Tumejaribu wote. Dafrosa amejipaka mpaka mafuta ya kupikia, kifungo hakifiki kwenye kitanzi. Na ile ya mwaka juzi ninayo hapa, inanikaa kama kawaida. Basi tumekaa tukaulizana. Hizi mama amezipima kwa mkono wake, kama siku zote?" Jogoo aliwika mahali fulani nyuma yake. "Mama amekonda? Niambie, mwanangu. Mama anaumwa?"

Konsolata aliusikiliza ujumbe mara tatu. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya paja. Ulikuwa mkono mwembamba, mkono wa mtu aliyepelekwa shule wakati mama yake yuko shambani. Kwa mara ya kwanza aliuona kuwa ni wa kwake.

Akalichukua kopo la maziwa, akazimimina shanga kwenye kisahani. Hazikuwa zimeongezeka. Zilikuwa ndizo zile ambazo zingeuzunguka mkono wa mama na hazikuwa na mahali pa kwenda kwenye mkono wake. Alikaa nazo mbele yake, kisahani kimejaa, na hapo ndipo alipolia kwa namna ambayo hakulia Usoke, kwa sababu kule aliambiwa mama amekwenda, lakini hapa alionyeshwa ukubwa wa nafasi aliyoiacha.

Jioni aliandika: Anaumwa kidogo.

Alitaka kujipatia siku mbili tatu tu za kufikiri. Lakini hata alipokuwa anatuma alijua ameandika nini. Kwao mtu hapewi habari ya kifo kwenye simu akiwa mbali na watu wake. Huambiwa mgonjwa anaumwa, njoo; au amezidiwa, fanya haraka. Ndivyo yeye mwenyewe alivyomwambia kaka yake Octavian aliyekuwa Sikonge, na Octavian alishuka kwenye gari tayari macho yamevimba.

Anaumwa nini? aliuliza Jeska.

Konsolata hakujibu. Simu ilikaa juu ya meza usiku kucha. Asubuhi ulikuja ujumbe mwingine, mfupi: Tunakuja kumwona mgonjwa.

Walifika kesho yake mchana, wawili, vumbi la njia limewakaa kwenye nyusi. Jeska alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, aliyejaa. Dafrosa alikuwa mrefu na mkavu, ila mwenye vifundo vipana vya mtu wa jembe, na alibeba kichwani furushi la unga wa muhogo na maharage kana kwamba amebeba kofia. Chupa ya asali ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa.

"Hodi wenyewe."

"Karibuni. Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Waliingia, wakatua mizigo. Macho ya Jeska yalizunguka chumba: kitanda kimoja kilichotandikwa, kigoda, kisahani cha shanga, ukutani picha ya Mama Pelagia, na rozari iliyoning'inizwa juu ya fremu yake. Yalikaa kwenye rozari.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Konsolata aliigeukia picha ukutani.

Jeska hakumwuliza mara ya pili. Polepole alilifungua fundo la kitenge chake kiunoni, akakivua, akakikunja. Chini yake alikuwa amejifunga kanga nyeusi. Dafrosa naye akavua cha kwake. Naye alikuwa na nyeusi.

"Uliposema anaumwa kidogo, nikakuuliza anaumwa nini, ukanyamaza," Jeska alisema. "Mwenye mgonjwa hashindwi kutaja ugonjwa, mwanangu. Atataja na dawa, atataja na daktari. Nikamwambia Dafrosa, tuvae zote mbili. Tukimkuta hai, tutabaki na vitenge."

"Njia nzima nimeomba tubaki na vitenge," Dafrosa alisema, akajifuta uso.

"Novemba," Konsolata alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Alifariki Novemba."

"Novemba!" Jeska alishika kiuno. "Na Krismasi nimemtumia salamu, ukaniambia amezipokea, amefurahi sana! Mana yanje, Mungu wangu! Konsolata! Nimekuwa naongea na nani?"

"Na mimi, mama. Nisamehe. Nilikuwa siwezi kuiandika."

Alisubiri hasira. Alijua anaistahili, na alikuwa tayari kuipokea, pengine hata aliitamani. Lakini Jeska alikwishaketi chini kwenye mkeka na kunyoosha miguu, na kilichomtoka kilikuwa kilio, kile kilio cha wazi cha wanawake wa vijijini wanapoufikia mlango wa msiba, kisichoomba ruhusa ya majirani. Dafrosa alikipokea kwa sauti nene. Mlango wa jirani ulifunguliwa. Mtu fulani aliuliza kuna nini, na mwingine akamjibu, wamekuja wageni wa marehemu.

Walipotulia, Jeska alipiga mkeka kwa kiganja, mahali pa katikati yao.

"Kaa hapa. Haya, tuelezee."

Konsolata alikuwa ameieleza mara nyingi kule Usoke, kama inavyompasa mfiwa kumweleza kila aingiaye: ulianza lini, mkampeleka wapi, alisema nini mwisho. Aliieleza mpaka ikawa kama barua anayoisoma. Leo ilikuja na vitu ilivyokuwa imeviacha nyuma. Aliwaambia juu ya presha, na wauguzi waliompokea mama kwa upole. Aliwaambia pia kwamba siku ya mwisho mama aliomba apelekewe sindano na uzi, akatunga shanga tisa akiwa amelala, akasema mkono umechoka, akamkabidhi. Shanga zile tisa hakuwahi kumwambia mtu.

"Tisa," Jeska alirudia, kana kwamba ni jina la mtoto. "Mimi nilimwona mara moja tu, unajua? Pale nje ya kanisa, baada ya misa, meza yake imejaa bangili. Nikazijaribu, nikazijaribu, kisha nikamwambia, mama, mimi naitaka hiyo uliyovaa. Akacheka. Akaivua, akanivalisha mwenyewe. Ilikuwa bado na joto la mkono wake." Alivuta mkono wa gauni. Bangili ilikuwa pale, nyekundu na nyeupe, imekaa kwenye kifundo chake kinene bila kubana wala kucheza. "Mtu akikuvalisha kitu chenye joto lake, unamwuliza hali kila mwezi. Ndiyo maana nilikuwa nakusumbua."

"Hukunisumbua, mama."

"Nilikusumbua. Na ningejua, tungekuja kwaya nzima, na ngoma yetu. Ulitunyima kumlilia."

Konsolata aliinamisha kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Alidhani ule uongo ni mzigo wake peke yake. Kumbe alikuwa amefungia ndani kitu cha watu wengine.

Dafrosa alipika ugali. Walikula, wakanawa, na Jeska akalitoa furushi la bangili alilolirudisha.

"Sasa haya ya duniani. Tarehe kumi na tano haiko mbali. Tunafanyaje?"

Konsolata alikuwa amelifikiria hilo usiku wote. Alikata kitanzi cha bangili ya kwanza, akaunga uzi mpya kwenye ule wa zamani, fundo akalificha upande wa ndani.

"Leta mkono, mama."

Jeska alinyoosha mkono. Konsolata aliongeza shanga tano kwa kila mstari, akaizungusha bangili. Haikufika. Akaongeza mbili kwa kila mstari, akazungusha tena. Kitanzi kilikifikia kifungo, kikakimeza.

"Saba," alisema. Kati yake na mama palikuwa na shanga saba.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Dafrosa alikuwa na vidole vyepesi, akakata vitanzi na kuunga nyuzi, Konsolata alitunga, Jeska alikaa katikati amenyoosha mkono juu ya mto, na kila bangili ililetwa kwake kupimwa, hata kama wote walijua ni shanga saba.

"Nimekuja kuomboleza," Jeska alilalamika ilipofika ya kumi na mbili, "nimegeuzwa futi."

"Tulia," Dafrosa alimwambia. "Futi haisemi."

"Mkono umekufa ganzi!"

"Ungekula ugali kidogo, tungekuwa tumemaliza. Sisi tunazungusha dunia nzima hapa."

"Msikie! Huyu ndiye aliyejipaka mafuta ya kupikia mpaka kifungo kikaruka kikaingia kwenye maharage."

Konsolata alicheka mpaka akaweka sindano chini. Alikuwa na muda mrefu hajacheka ndani ya chumba kile, na kicheko kilipotoka kilikuwa na mlio wa mama, ule wa kuvuta pumzi mwishoni. Alikisikia. Dafrosa hakuwahi kumsikia mama, na Jeska alimsikia mara moja tu, lakini wakamtazama na kutabasamu.

Walilala kitanda kimoja na mkeka mmoja, wakaamka na kuendelea. Bangili ya ishirini na nane ilipokuwa imefungwa, jua lilikuwa linaingia dirishani, na ua jekundu lilionekana lote kwenye kisahani. Pembeni yake zilibaki shanga tatu.

"Hizi ni za Hafsa," Konsolata alisema.

"Hafsa ni nani?"

"Mtu ambaye atafurahi sana kuzipata."

Saa nne ilikuwa imefika. Jeska, bila kuambiwa, aliuweka mkono juu ya mkeka kwenye ule mraba wa jua, ukiwa na bangili mpya ya buluu na nyeupe pembeni ya ile nyekundu ya zamani.

"Piga," alisema. "Na wale wengine waambie. Sisi tupo hapa."

Konsolata alipiga. Kisha alikaa na simu. Dafrosa alisogea upande mmoja, Jeska upande mwingine, na bega la kila mmoja likagusa lake. Na hivyo, kati ya wanawake wawili na juu ya mkeka, aliandika kwamba mkono huu si wa Mama Pelagia. Kwamba Mama Pelagia alilala Novemba, akazikwa Usoke. Kwamba salamu zao zote zilimfikia mtoto wake, zikamlea miezi minane, naye anawaomba msamaha na anawashukuru. Kwamba tangu Novemba bangili amezipima kwa mkono wake mwenyewe, na aliyepata ndogo airudishe, ataiongeza. Chini, mahali ambapo hakuwahi kuandika chochote, aliandika jina lake.

Wa kwanza kujibu alikuwa mteja wa Mwanza. Pole, pole sana, mdogo wangu. Kisha: Ile ya Januari ilikataa kuniingia. Nikadhani nimenenepa, nikaona haya kumwambia mama. Nikampa binti yangu. Analala nayo.

Dafrosa, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, aliangua kicheko. Ikaja ya Dodoma, na yeye ile ya Machi alimpa binti yake. Ikaja ya Kigoma, yenye machozi mengi na swali mwishoni: anaweza kuagiza mbili, moja ya kipimo cha mama na moja ya kipimo cha mtoto?

Wengine hawakujibu. Wachache waliondoka kwenye ukurasa bila neno, na Konsolata aliwaona wakiondoka, akawaacha.

Kwenye kituo cha mabasi Jeska alianza kuivua bangili nyekundu.

"Chukua. Aliivaa mwenyewe. Ikae kwako."

Konsolata aliuzuia mkono wake. Alivitaka vile vishanga vyekundu kuliko alivyowahi kutaka kitu. "Hapana, mama. Mama alikuvalisha wewe. Nikiichukua nitakuwa nimekuvua alichokuvalisha."

Jeska alifikiri. Akatoa kwenye mkoba wake uzi mweupe wa kushonea, akauzungusha juu ya ile bangili, mkononi mwake palepale, kwa makini, asivute wala kulegeza. Dafrosa aliukata kwa meno. Jeska aliweka alama kwa ukucha mahali ncha zilipokutana, akauondoa uzi mkononi, akaufunga fundo hapohapo, akauweka katika kiganja cha Konsolata na kukifumba.

"Huu hapa mkono wake," alisema. "Usiupoteze. Mwakani tunataka za kijani."

Basi liliondoka. Konsolata alirudi kwa miguu, akapitia dukani, akaweka shanga tatu mezani. Hafsa alizitazama, akamtazama usoni, akazifunika kwa mkono.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda, akaupitisha uzi ule kwenye mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mkubwa. Ulishuka mpaka kwenye kiungo cha kidole gumba ukasimama hapo, na kati ya uzi na ngozi vidole viwili vya mkono wa kulia viliingia na kutulia.

Simu iliwaka. Ilikuwa Mwanza tena. Nilisahau kukuuliza, aliandika. Konsolata, hujambo?

Vidole vyake viwili vilikuwa bado mle ndani ya uzi, na palikuwa na joto.